Alhamisi, Meza Saba

Meza ni saba. Ya saba ina mguu mfupi,
tumeuwekea kipande cha boksi la sabuni.
Watu kumi na wanne, nimewahesabu,
kumi na watano ukimtia askari wa mlangoni
ambaye halipi, ila hutikisa kichwa panapostahili.

Mvua ya Mbale imekatika sasa hivi.
Khainza amekalia kiti cha jikoni,
maana stuli ilivunjika wiki iliyopita.
Gitaa lake lina nyuzi tano. Ya sita
ilikatikia Tororo, anasema, na Tororo hawakumlipa,
"kwa hiyo nimewaachia, wajipigie wenyewe."
Watu wanacheka. Anakaza kigingi kimoja,
anatega sikio kama anayesikiliza ugomvi wa jirani,
kisha anaanza.

Mimi niko nyuma ya kaunta. Kazi yangu ni kahawa
ya miteremko ileile tunayoiona dirishani,
na mashine yangu ya kusaga inanguruma
kama pikipiki inayopanda Wanale na abiria watatu.
Nimejifunza kusaga anapopiga kwa nguvu
na kungoja anaponong'ona.
Meza ya pili wangoje. Maziwa yangoje.
Kuna mstari mmoja ambao ukifika
hata kijiko nakilaza kama yai.

Anaimba bluzi kwa Kigisu:
shamba la mama yake lililoteremka na mlima usiku mmoja,
migomba, mbuzi, choo,
na mlango uliokutwa bondeni, kufuli bado limefungwa.
Kidole gumba kinarudi palepale, palepale,
kama kwenye litungu, kama mtu aliyesahau ufunguo.
Anaimba juu ya bwana mmoja wa Soroti
aliyeondoka na viatu vyake akamwachia kamba.
Wanawake wa meza ya nne wanaitikia "eee",
si kwa huzuni.
Kwa uzoefu.

Halafu anasema: "Huu ni wa Kiswahili."

Chumba kinajikunja kidogo.
Kwetu lugha hii haikuja na mashairi.
Ilikuja na buti, ikagonga mlango saa nane za usiku:
Fungua. Kaa chini. Toa ulicho nacho.
Bibi Nabifo wa meza ya saba, nesi mstaafu,
anauvuta mkoba wake kutoka sakafuni, anaupakata.
Mumewe aliitwa nje kwa maneno mawili tu,
njoo hapa,
mwaka ambao yeye hautaji kwa tarakimu.
Akaenda na ndala.

Khainza hajui hayo. Anajua ya kwao:
baba yake alikuwa mpishi kambini,
kutwa anapokea amri juu ya sufuria,
na jioni aliporudi akazimenya zote
kama viazi, akabakiza maneno matupu, meupe,
akawaitia watoto.

Njoo hapa, anaimba, ugali umeiva.
Njoo hapa, umande unashuka.
Njoo hapa, nani kakuliza,
njoo hapa, leta mguu nikutoe mwiba.

Sikugusa mashine. Sikugusa chochote.
Askari aliingia ndani, kofia mkononi,
akaiacha nje bunduki yake ya zamani ikiegemea ukuta,
kosa ambalo meneja angemfukuzia.
Uzi wa sita, ule usiokuwepo,
naapa niliusikia.

Walipiga makofi. Bibi Nabifo hakupiga.
Kikapu kilipita: shilingi elfu thelathini na moja,
kifungo cha shati, na mapera mawili
ambayo Khainza aliyanusa kwanza kabla ya kuhesabu noti.
Meza ya pili wakakumbuka kulalamika.

Mimi nafuta kaunta, nasikia kiti kinasogea.
Miaka mitatu bibi yule ananiagiza kwa Kigisu,
akikasirika kwa Kiingereza.
Ameinua kidole. Anatafuta neno,
analipima kama maji ya kumwogeshea mtoto,
kwa kiwiko, taratibu,
lisije likamchoma mtu.

"Njoo," anasema.
Anameza mate.
"Njoo hapa."

Nikaenda.